Ofa ya mshahara mezani, mwekezaji mlangoni: mfanyakazi wa Posta aipimeje?

Ofa ya nyongeza ikisomwa kwenye kikao cha tawi, mkono wa kwanza kunyanyuka huuliza ni asilimia ngapi. Ni swali halali, ila lipo linalolitangulia kwa uzito: fedha hiyo inaingia mstari gani wa slipu ya mshahara? Kwa karani wa kaunta wa Posta ya Tabora mjini, au dereva anayetoka Kigoma na vifurushi vya Kasulu na Kibondo, mstari huo ndio utakaoamua pensheni yake, malipo yake akipunguzwa kazi, na hata kitakachobaki mkononi siku shirika likibadili mmiliki. Asilimia nane kwenye mshahara wa msingi na asilimia nane iliyofichwa kwenye posho ni vitu viwili tofauti, hata kama tangazo la ubaoni limeandika namba ileile.

Shirika la Posta Tanzania ni mali ya serikali kwa asilimia mia moja. Lilianza kazi Januari 1994, baada ya lililokuwa Shirika la Posta na Simu kugawanywa. Ndugu yake wa upande wa simu, TTCL, aliuzwa asilimia 35 kwa wawekezaji wa nje mwaka 2001, na mwaka 2016 serikali ikazinunua tena hisa hizo. Tabora na Kigoma wana mfano wa karibu zaidi, nao unapita stesheni kila wiki. Mwaka 2007 reli ilikodishwa kwa kampuni mpya, Tanzania Railways Limited, kampuni ya RITES ya India ikiwa na asilimia 51 na serikali 49, kwa mkataba wa miaka 25. Haukufika hata mitano. Baada ya migomo ya wafanyakazi na malalamiko ya huduma, serikali iliichukua reli tena mwaka 2011. Kwa hiyo anayejiuliza kama shirika la umma linaweza kuondoka mikononi mwa serikali na kurudi huku yeye yuko kazini, ajue limeshatokea, tena zaidi ya mara moja.

Ofa tutakayoichambua hapa ni ya kutunga kwa ajili ya hesabu. Sheria, viwango vya kodi na kikokotoo cha pensheni ni vya kweli.

Nane ya msingi, nane ya posho

Tumchukue mfanyakazi mwenye mshahara wa msingi wa Sh 700,000, mwanachama wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Mfuko unamkata asilimia 5 ya msingi, yaani 35,000, na mwajiri anaongeza asilimia 15. Mchango huo hutolewa kabla ya kodi, hivyo kinachotozwa kodi ni 665,000. Kwa viwango vya Tanzania Bara, hadi 270,000 hakuna kodi. Kati ya hapo na 520,000 ni asilimia 8. Kati ya 520,000 na 760,000 ni Sh 20,000 na asilimia 20 ya kinachozidi. Kodi yake inakuwa 49,000. Bima ya afya ya NHIF, asilimia 3, ni 21,000. Kabla ya ada ya chama na mikopo, anabaki na 595,000.

Sasa mwajiri analeta njia mbili. Ya kwanza ni kupandisha msingi kwa asilimia 8 hadi 756,000. Ya pili ni kuuacha msingi ulivyo na kumpa posho ya usafiri ya Sh 56,000 kila mwezi. Gharama inaonekana sawa kwa shirika, na wengi kikaoni watasema ni maji yaleyale.

Njia ya kwanza: PSSSF 37,800, kodi 59,640, NHIF 22,680. Mkononi 635,880, yaani nyongeza ya 40,880.

Njia ya pili: PSSSF inabaki 35,000 na NHIF 21,000, kwa sababu vyote vinahesabiwa kwenye msingi. TRA haichagui jina, na posho inayolipwa taslimu kila mwezi inaingia kwenye mapato ya kutozwa kodi, hivyo kodi ni 60,200. Mkononi 639,800, yaani nyongeza ya 44,800.

Posho imeshinda kwa Sh 3,920 kwa mwezi. Hapa ndipo kura nyingi hupotea, kwa sababu mwajiri anayeleta posho hasemi uongo: ukiangalia slipu ya mwezi ujao, kweli ni nzuri zaidi. Na kwake yeye ni nafuu kuliko inavyoonekana, maana hailipii ile asilimia 15 ya PSSSF. Kwenye 56,000 hiyo ni 8,400 anayookoa kila mwezi kwa kila mfanyakazi, kabla hujagusa bima.

Miaka thelathini baadaye

Kikokotoo kinachotumika tangu Julai 2022 kinafanya kazi hivi. Unachukua wastani wa mshahara wa mwaka kwa miaka mitatu bora ndani ya kumi ya mwisho, unazidisha kwa idadi ya miezi uliyochangia, unagawa kwa 580. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Sehemu yake inageuzwa kuwa mkupuo, yaani malipo ya mara moja, kwa kuzidishwa kwa 12.5, na iliyobaki inagawanywa kwa 12 na kulipwa kila mwezi.

Mvutano mkubwa umekuwa kwenye ukubwa wa sehemu ya mkupuo. Kabla ya mwaka 2018 waliokuwa kwenye mifuko ya zamani ya PSPF na LAPF walichukua asilimia 50, na kwao mshahara uligawanywa kwa 540 na kuzidishwa kwa 15.5. Waliokuwa PPF na NSSF walichukua asilimia 25, kwa 580 na 12.5. PSPF, LAPF, GEPF na PPF ziliunganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018, na kanuni za mwaka huohuo zikataka wote washuke kwenye 25. Kelele zikawa kubwa, Rais Magufuli akazisimamisha Desemba 2018. Mwaka 2022 ikaja 33 kwa wote, kisha bajeti ya 2024/25 ikaipandisha hadi 40 kwa waliokuwa na haki ya 50, na hadi 35 kwa waliokuwa na haki ya 25. Mashirika mengi ya umma yalikuwa PPF, kwa hiyo kabla ya kukokotoa chochote tazama kadi yako ya zamani ina jina la mfuko gani. Watu wawili wa kaunta moja, mmoja akiwa amehamia kutoka halmashauri, wanaweza kuwa na asilimia tofauti.

Tumtumie mfanyakazi wetu wa asilimia 35, aliyechangia miezi 360, na tuseme mshahara wa mfano ndio unaoingia kwenye wastani wake wa miaka mitatu. Akiwa na msingi wa 700,000, mshahara wa mwaka ni 8,400,000. Mara 360, gawanya kwa 580, pensheni kamili ni kama 5,213,800 kwa mwaka. Mkupuo: asilimia 35 ya hiyo mara 12.5, ni karibu 22,810,000. Kila mwezi: asilimia 65 gawanya kwa 12, ni karibu 282,400.

Akiwa na msingi wa 756,000, mkupuo unakuwa karibu 24,635,000 na pensheni ya mwezi 305,000.

Tofauti ni mkupuo wa zaidi ya Sh 1,820,000 na karibu Sh 22,600 kila mwezi hadi mwisho wa uhai wake. Upande wa pili wa mizani, faida ya posho ni zile 3,920 kwa mwezi, ambazo kwa miaka mitatu hazifiki hata 142,000. Mfanyakazi mwenye miaka 52 anayeikubali posho bila kupiga hesabu hii amempa mwajiri zawadi. Mwenye miaka 26 ana nafasi ya kurekebisha baadaye, lakini posho ina ugonjwa mwingine unaomhusu: ni rahisi kufutwa. Kuupunguza mshahara wa msingi ni kubadili mkataba wa ajira, jambo linalohitaji makubaliano. Posho ya usafiri inaweza kuondolewa kwa waraka siku shirika likileta basi la wafanyakazi, au likisema limeleta.

Kuna upande wa pili wa msingi kupanda ambao vikao haviugusi. Watumishi wengi wana mikopo, na kanuni ni kwamba makato yasizidi theluthi mbili ya mshahara wa msingi, theluthi moja ibaki. Msingi ukipanda, nafasi ya kukopa nayo inapanuka, na afisa mikopo wa benki hulijua hilo kabla ya wewe kuiona slipu. Nyongeza ya 40,880 iliyogeuzwa rejesho la mkopo mpya ndani ya mwezi wa kwanza haibadilishi chochote nyumbani, ingawa pensheni bado inafaidika.

Mkupuo wa kutuliza

Ofa nyingi zinazokuja pamoja na mageuzi ya umiliki huwa na fedha ya mara moja ya kusainia. Tuseme Sh 1,000,000 badala ya asilimia 8. Ikilipwa kwenye mwezi mmoja, mapato ya kutozwa kodi yanakuwa 1,665,000. Yanayozidi milioni moja yanatozwa asilimia 30, juu ya 128,000 ya madaraja ya chini, kwa hiyo kodi ya mwezi huo ni 327,500 badala ya 49,000. Milioni imebaki 721,500. Nyongeza ya 40,880 kwa mwezi inaifikia fedha hiyo mwezi wa 18, na kuanzia hapo mkupuo umeshaliwa huku nyongeza ikiendelea kuingia. Kwenye pensheni, fedha ya kusainia si mshahara wa msingi, hivyo mchango wake ni sifuri.

Mkupuo una maana kwa mtu mmoja tu: anayeondoka ndani ya mwaka. Na hata huyo apige hesabu ya ile miaka mitatu bora kwanza.

Bei za soko

Asilimia yoyote lazima ilinganishwe na bei. Wastani wa mfumuko wa bei wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu ulikuwa asilimia 4.3 mwaka 2022, 3.8 mwaka 2023 na 3.1 mwaka 2024. Haijumlishwi, inazidishwa: 1.043 mara 1.038 mara 1.031 inatoa 1.116. Aliyekuwa na mshahara uleule tangu 2021 alihitaji nyongeza ya asilimia 11.6 mwaka 2024 ili tu anunue kilekile. Asilimia 8 kwake ni kupungua kwa mshahara kulikochelewa kutangazwa.

Hapohapo, msichanganye na namba za serikali za mwezi Mei. Mwaka 2022 ilitangazwa nyongeza ya asilimia 23.3, na mwaka 2025 kule Singida ikatangazwa asilimia 35.1, kutoka Sh 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Zote mbili zilihusu kima cha chini cha utumishi wa umma. Wa madaraja ya juu hupata asilimia ndogo zaidi, jambo lililozua manung'uniko mengi slipu za Julai 2022 zilipotoka. Mashirika yana miundo yao ya mishahara, hivyo msemaji wa tawi anayedai "na sisi tupewe 35" aonyeshe kwanza wangapi kati yao wako kwenye kima cha chini.

Mmiliki akibadilika, je mfuko?

Ubinafsishaji ni neno moja lenye mambo kadhaa ndani yake, na kila moja linamgusa mfanyakazi kivyake. Serikali ikiuza hisa, shirika linabaki mtu yuleyule kisheria, mikataba ya ajira inaendelea, anayebadilika ni anayekaa kwenye bodi. Ikikodisha uendeshaji, kama ilivyofanywa kwenye reli, kampuni mpya ndiyo inaajiri. Ikiuza biashara au sehemu yake, tuseme usafirishaji wa vifurushi peke yake, mwajiri ni mpya kabisa. Na kuna njia ya kimyakimya isiyoitwa ubinafsishaji: ulinzi, usafi, udereva na usambazaji vinatolewa kwa wakandarasi kimoja baada ya kingine, hadi siku moja Posta ya wilaya inabaki na karani mmoja na wakala. Kwa Urambo, Sikonge au Kakonko hii ya mwisho ndiyo ya kuangalia zaidi, kwa sababu hakuna mwekezaji atakayepigania kaunta ya huko wakati mabasi tayari yanabeba vifurushi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haina kifungu kinachouhamisha mkataba wako wenyewe kwa mwajiri mpya biashara inapouzwa. Uhamisho ni suala la makubaliano, na lisipoandikwa linageuka sababu ya kupunguza watu.

Swali la mfuko lina bei inayopimika. Waajiriwa wa sekta binafsi wako NSSF. Jumla ya mchango ni asilimia 20 vilevile, lakini kwa kawaida mwajiri anatoa 10 na mfanyakazi 10. Kwa mtu wa 700,000 makato yanapanda kutoka 35,000 hadi 70,000. Kodi inashuka hadi 42,000 kwa sababu kinachotozwa kimepungua. Mkononi, kabla ya bima, anashuka kutoka 616,000 hadi 588,000. Amepoteza 28,000 bila mshahara kuguswa. Ili abaki palepale anahitaji msingi wa karibu 738,900, yaani nyongeza ya asilimia 5.6. Kwa maneno mengine, ofa ya asilimia 8 inayokuja na kuhama mfuko ni ofa ya asilimia mbili na ushee iliyovaa koti la nane.

Dawa yake ipo, na ni ndogo. Sheria ya NSSF inaweka ukomo wa anachoweza kukatwa mfanyakazi kuwa asilimia 10. Haimlazimishi mwajiri amkate kiasi hicho chote. Mkataba unaweza kusema mgawanyo wa 5 kwa 15 utaendelea kwa waliokuwepo. Hicho ni kifungu cha mstari mmoja. Chenye thamani inayokaribia hiyo ni kinachosema miezi iliyochangiwa mfuko wa kwanza itahesabiwa pamoja na ya mfuko wa pili, maana bila miezi 180 hakuna pensheni ya kila mwezi. Mtu mwenye miezi 150 PSSSF na 100 NSSF hatakiwi kuishia kuonekana hajafika popote.

Kuna kumbukumbu mbaya hapa, na wastaafu wa reli na posta wa zamani wanaijua. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, mashirika yake ya posta, reli, bandari na ndege yalikufa pamoja nayo. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulisainiwa mwaka 1984, lakini wastaafu wa Tanzania walikuwa bado wanadai mafao yao mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwajiri akifa bila kuandikwa nani anabeba deni la pensheni, deni hubebwa na mstaafu.

Waingereza walivyouziwa Posta yao

Mfano wa Royal Mail unafaa kwa sababu mambo yote matatu, mauzo, mshahara na pensheni, yalikuja kwa mpangilio unaoonekana wazi. Mfuko wao wa pensheni ulikuwa na shimo kubwa ambalo hakuna mnunuzi angelitaka. Aprili 2012 serikali ikalichukua deni la nyuma. Oktoba 2013 hisa zikauzwa, asilimia 10 zikatolewa bure kwa wafanyakazi. Mkataba wa mshahara uliofuata ulikuwa wa miaka mitatu: asilimia 3, tena 3, kisha 2.8. Zidisha na si kujumlisha, unapata 9.06.

Kisha tazama tarehe. Mkataba wa mshahara wa miaka mitatu uliisha, na mwisho wa Machi 2018 mfumo wa pensheni inayohesabiwa kwa mshahara ulifungwa kwa michango mipya. Oktoba 2024 ukaanza mpango mwingine wa pamoja, mwajiri akichangia asilimia 13.6 na mfanyakazi 6, ambamo pensheni hulipwa maisha yote lakini kiwango chake kinaweza kupanda au kushuka kulingana na hali ya mfuko. Pensheni haikuguswa siku ya mauzo. Iliguswa miaka minne na nusu baadaye, wakati kelele za mauzo zimeshatulia. Anayesaini ofa ya miaka mitatu Tabora ajiulize kifungu chake cha pensheni kina umri gani.

Ukiwa miongoni mwa wanaopunguzwa

Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya nia ya kupunguza, afichue taarifa zote muhimu, na ashauriane na chama kabla ya uamuzi: kwa nini, njia za kuepuka, namna ya kuchagua wa kuondoka, na malipo. Kushauriana baada ya orodha kuchapwa si kushauriana.

Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa ukomo wa miaka 10. Rudia maneno mawili: msingi, na ukomo. Ukigawa 700,000 kwa siku 26 za kazi unapata 26,923. Mara siku 70 ni karibu Sh 1,885,000. Aliyetumikia miaka 24 na aliyetumikia 10 wanalipwa sawa. Kwa hiyo kwa wazee wa kazi sheria ni sakafu tu, na nafasi ya kupata zaidi iko kwenye mkataba wa hali bora, ule wa chama na mwajiri, usainiwe kabla ya mwekezaji hajafika.

Kuna mtego ndani ya kifungu cha 42. Anayepunguzwa akikataa bila sababu ya msingi kazi mbadala aliyotafutiwa, iwe kwa mwajiri yuleyule au mwingine, anapoteza kiinua mgongo. Maana yake, ukiambiwa "nenda kampuni mpya" na ukagoma kwa hasira, unaweza kutoka mikono mitupu. Kataa kwa maandishi, taja sababu: mshahara wa msingi ni mdogo zaidi, kituo ni kingine, miaka ya utumishi haitambuliwi.

Kifungu cha 43 ni cha watu wa Kigoma hasa. Aliyeajiriwa mahali pengine na kuachishwa kazi mbali na hapo anastahili kusafirishwa yeye na mizigo yake hadi alikoajiriwa, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku anazosubiri usafiri huo. Kwa aliyeajiriwa Dar es Salaam na kuhamishiwa Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, ni fedha nyingi. Inategemea kilichoandikwa kwenye mkataba kama mahali pa kuajiriwa, na barua za uhamisho ndizo ushahidi. Wengi huzipoteza.

Karatasi yenyewe

Dai ofa nzima kwa maandishi siku kadhaa kabla ya kikao, si muhtasari wa kusomewa. Tarehe ya kuanza iwe ya siku, si "baada ya kupata idhini": shirika la umma linahitaji kibali cha serikali, Msajili wa Hazina akiwemo, na sahihi ya meneja peke yake haitoshi. Kama ni Julai 1, iandikwe kwamba malimbikizo yatalipwa hata kibali kikija Desemba. Kama ni ya miaka mitatu, kiwepo kifungu cha kuijadili upya bei zikipanda kupita kiwango fulani. Maneno "mkataba huu unafunga madai yote" yafutwe au yawekewe mipaka, la sivyo yanameza malimbikizo ya zamani, madai ya saa za ziada na posho za uhamisho ambazo hazijalipwa. Na yakiwepo masharti ya kuunganisha njia za usambazaji au kufunga kaunta za wilayani, yapigiwe kura peke yake. Yakiambatanishwa na nyongeza, wa mjini wanawapigia kura wa Kaliua bila kujua.

Mkataba wa hali bora uliosainiwa na chama chenye wanachama wengi kilichotambuliwa na mwajiri unawafunga hata wasio wanachama wa eneo hilo la majadiliano. Asiyekuja kikaoni kwa kuwa "mimi si wa chama" atalipwa, au atanyimwa, kwa karatasi ileile.

Wakati majadiliano yanaendelea, kila mmoja atazame taarifa yake ya michango. Mwezi mmoja usiopelekwa, kwa mtu wa 700,000 mwenye asilimia 35, unapunguza mkupuo kwa karibu Sh 63,000 na pensheni ya mwezi kwa karibu 780. Mwaka mzima uliopotea ni Sh 760,000 na 9,400 kila mwezi. Makosa ya kawaida ni jina lililoandikwa tofauti na la kitambulisho cha NIDA, namba mbili za uanachama baada ya mifuko kuunganishwa, na miezi ambayo slipu inaonyesha makato lakini mfuko hauna kumbukumbu. Slipu ndiyo ushahidi. Mwajiri wa sasa ana wahasibu wanaoweza kuitafuta miezi hiyo. Mwajiri mpya atasema si ya enzi yake.

Mwisho, mlango wa malalamiko. Mahakama ya Rufani imeshaamua, kwenye shauri la rufaa lililolihusu Shirika la Posta lenyewe, kwamba mfanyakazi wake ni mtumishi wa umma na lazima amalize kwanza njia za sheria ya utumishi, ikiwemo Tume ya Utumishi wa Umma, kabla ya kwenda kwenye sheria za kazi. Waliokimbilia moja kwa moja Tume ya Usuluhishi na Uamuzi walipoteza miaka. Siku mwajiri akiwa kampuni binafsi, mlango unageuka: ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30 kwa kuachishwa kazi na siku 60 kwa migogoro mingine. Kwa hiyo tarehe rasmi ya makabidhiano ihifadhiwe kwa maandishi, pamoja na barua ya ajira, slipu ya mwisho ya mwajiri wa zamani na ya kwanza ya mpya.